Kete ya Kwanza

"Hukufungwa na mtaji, mwanangu. Ulifungwa na kete ya kwanza." Mzee alisema hivyo huku akizirudisha kete mashimoni, chini ya mwembe hapa Morogoro mjini, wingu likiwa limeifunika milima ya Uluguru. Kijana hakuamini. Basi wakaanza upya mchezo uleule.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huweka kete 6 katika shimo kuu liitwalo nyumba, 2 na 2 katika mashimo mawili ya kuumeni mwa nyumba, na 22 hubaki mkononi za kunamua, yaani kutiwa moja moja kabla ya kuingia awamu ya mtaji. Katika mpango huo, shimo lako lenye kete linatazama shimo tupu la mwenzako. Hakuna wa kuliwa. Anayeanza hana budi kutakata, yaani kusambaza kete bila kula, na njia zake ni nne tu: mashimo mawili, kulia au kushoto.

Kijana alikuwa ametia kete katika shimo lililo jirani na nyumba, zikawa tatu, akazisambaza kushoto. Moja ikaingia nyumbani, mbili zikavuka mbele yake na kukaa wazi: moja mbele ya nyumba ya mpinzani, nyingine mbele ya shimo lenye kete mbili.

"Umempelekea chakula mlangoni," mzee akasema.

Angekwenda kulia, kete zingeingia shimo la jirani, na kichwa, yaani shimo la mwisho la safu, kisha zikakunja kona hadi safu ya nyuma. Mpinzani angekosa cha kula, naye angetakata. Kete moja ni ndogo kwa hesabu, lakini aliyeila katikati ya safu huchagua mwenyewe kichwa cha kuipeleka.

Mzee alikuwa na mchezo wote kichwani. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mabingwa wa Unguja wenye akili ya namna hiyo, na tasnifu yake ilitoka Leiden mwaka 1995. Lakini michezo ya vijiweni mwetu inazikwa na wenyewe. Wacheza sataranji bado wanaurudia mchezo wa Paul Morphy wa mwaka 1858, Paris, kwa sababu kuna aliyeuandika. Jambo hili linaniuma.

Ewe unayekaa kijiweni, nenda na daftari. Yape mashimo namba, 1 hadi 8, safu ya mbele na ya nyuma. Andika kila kete ilipotiwa na ilikoelekea, na jina la aliyeicheza.