Mlipuko wa Mbinguni Ulioripotiwa Malindi

Ukiwa Meru au Embu, toka nje jioni moja ya Februari utazame juu. Utaziona nyota tatu zilizojipanga mstari: huo ndio mshipi wa Jabari. Sasa sogeza macho kaskazini-magharibi kidogo.

Kutoka hapo, Ijumaa Februari 28, 1997, saa kumi na mbili kasoro dakika mbili asubuhi, wachuma chai wakijiandaa kwenda shambani, miale ya gama ilimulika kwa sekunde 80 hivi. Jicho la binadamu haliioni miale hiyo. Aliyeinasa ni BeppoSAX, setilaiti ya Waitalia na Waholanzi. Ilizunguka sambamba na ikweta, ile ile ipitayo karibu na mji wa Meru, na kila baada ya dakika 96 hivi iliteremsha habari zake Malindi. (Sifa zote zilikwenda ng'ambo, lakini Malindi nayo ilistahili yake!)

Tangu 1973 wataalamu walibishana: je, milipuko hii i karibu nasi au mbali mno? Ilizimika kabla hawajajua pa kuelekeza darubini. Safari hii walijua. Saa 21 baadaye, kundi la Mholanzi Jan van Paradijs lilipiga picha kwa darubini ya William Herschel, kisiwani La Palma. Machi 8 darubini hiyo ilirudia. Nukta moja ya mwanga ilikuwa imefifia hata isionekane, kama kaa lililosahauliwa jikoni.

Vipimo vya baadaye vilimaliza ubishi. Nuru hiyo ilianza safari zaidi ya miaka bilioni 6 iliyopita, Dunia yetu ikiwa haijakuwapo.