Mitambo ya muziki ya mamilioni: Je, wajua unachosikia?

Je, msomaji, unaweza kutoa Sh89 milioni ili usikilize wimbo? Usicheke. Mnamo mwaka wa 2017, kampuni ya Wilson Audio ya jimbo la Utah, Marekani, ilitoa jozi ya spika ziitwazo WAMM Master Chronosonic kwa bei ya dola 685,000. Piga hesabu kwa Sh130 kwa kila dola utaipata jumla hiyo. Na hizo ni spika tu! Amplifaya hujanunua, mashine ya kuchezea santuri hujanunua, na waya za kuviunganisha nazo zina bei ambayo ni afadhali uisikie ukiwa umeketi.

Bila shaka hakuna anayetoa fedha kama hizo kwa kutazama picha tu. Mnunuzi hutaka kusikiliza kwanza, na hiyo ndiyo sababu ya kuwako kwa maonyesho ya mitambo ya muziki. Yale yajulikanayo sana barani Ulaya huitwa High End. Yalianzishwa Ujerumani mwaka wa 1982, na tangu 2004 hadi Mei 2025 yalifanyika mjini Munich katika jumba liitwalo MOC, kabla ya kuhamishiwa Vienna, nchini Austria.

Hebu jitie katika umati huo. Unaingia chumba chenye mwanga hafifu, mapazia mazito ukutani na viti vimepangwa safu kama kanisani. Mbele yako kuna spika mbili zenye kimo cha mtu mzima na amplifaya za valvu zinazong'aa rangi ya machungwa, mithili ya makaa ya jikoni. Kila mgeni anakimezea mate kiti cha katikati, na si kwa kiburi. Muziki wa stirio umetengenezwa kwa mtu aliye umbali sawa kutoka kwa kila spika. Ukiketi pembeni, sauti ya spika iliyo karibu nawe hukufikia kwanza, na mwimbaji aliyepaswa kusimama katikati huhamia upande wako. Kwa hivyo katika chumba cha watu thelathini, wanaosikia walichokusudiwa kusikia ni wawili au watatu. Wengine wanasikia harufu ya maendeleo.

Tazama pia nyimbo zinazochezwa. Miaka nenda miaka rudi, wageni wa maonyesho haya wamekuwa wakitaniana kuhusu "Hotel California" ya kundi la Eagles, ile iliyorekodiwa jukwaani 1994, yenye magitaa matupu na ngoma nzito mwanzoni. Kama si hiyo, basi ni mwanamke anayeimba polepole akisindikizwa na piano. Kuna hila hapo. Sauti moja na ala mbili tatu hupendeza karibu katika mtambo wowote mzuri. Kwaya ya watu mia moja pamoja na matarumbeta, au bendi ya magitaa manne yanayojibizana, ndiyo inayoufichua mtambo, kwani kila kitu hutaka nafasi yake kwa wakati mmoja. Mwenye kujua huja na rekodi yake mwenyewe na kuomba ichezwe. Wauzaji wengine hukubali kwa furaha. Wengine hukunja uso, na hilo nalo ni jibu.

Hila za kumwonyesha mtu mtambo hazikuanza leo. Kuanzia 1915, kampuni ya Thomas Edison iliandaa mikutano katika miji mingi ya Marekani ili kuthibitisha kwamba gramafoni yake haina tofauti na koo la binadamu. Mwimbaji alisimama jukwaani kando ya mashine. Akaimba, akanyamaza, mashine ikaendelea. Taa zikazimwa, na watu wakaulizwa: sasa nani anaimba, mtu au mashine? Taa zilipowashwa, lo! Mwimbaji alikuwa ameshaondoka jukwaani zamani. Watu walishangilia na kurudi nyumbani wakisimulia.

Kumbuka kwamba gramafoni hizo hazikutumia umeme hata chembe katika kutoa sauti. Ilikuwa sindano, kiwambo na pembe, basi. Ukiisikiliza leo utadhani mwimbaji amefungiwa ndani ya kabati. Walidanganyikaje basi watu wazima wenye akili zao? Jibu lilitolewa na mmoja wa waimbaji hao, Anna Case, aliyekiri uzeeni mwake kwamba alikuwa akiigiza sauti ya mashine ili zilingane. Yaani si mashine iliyomfuata mtu, bali mtu aliifuata mashine!

Gilbert Briggs, mwanzilishi wa kampuni ya spika ya Wharfedale huko Uingereza, alikuwa muungwana zaidi. Mwaka wa 1954 alikodisha ukumbi wa Royal Festival Hall, London, na kwa msaada wa Peter Walker wa kampuni ya Quad akawachezea watu rekodi na kuwapa pia wanamuziki walio hai ili walinganishe wenyewe. Ukumbi ulijaa. Mwaka uliofuata akafanya vivyo hivyo Carnegie Hall, New York. Mtu anayekubali kitu chake kilinganishwe na ukweli mbele ya umma anastahili heshima, hata kama kitu chenyewe hakikufikia ukweli huo.

Sasa tuje kwa lile linalowauma wengi. Mwaka wa 1994, watafiti Floyd Toole na Sean Olive wa kampuni ya Harman waliwakusanya wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo wasikilize aina nne za spika na kuzipa alama. Mara moja spika zilifichwa nyuma ya pazia lipitishalo sauti. Mara nyingine ziliachwa wazi. Zilipoonekana, spika kubwa za bei ghali zilipanda alama, na ile ndogo ya bei nafuu ikaporomoka. Spika ni zile zile, wimbo ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba macho yalipewa nafasi ya kusema, nayo yakayapiku masikio.

Halafu kuna habari ya 2007. Watafiti wawili wa Marekani, Meyer na Moran, walichukua rekodi za kiwango cha juu kuliko sidii ya kawaida, wakazipitisha katika kifaa cha kuzishusha hadi kiwango cha sidii, kisha wakawauliza wasikilizaji watofautishe. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Ungerusha sarafu hewani ungepata karibu hivyo hivyo.

Je, yote basi ni ulaghai? La hasha. Spika hutofautiana kwelikweli, na sikio lisilo na elimu yoyote hutambua. Iliyoundwa vyema hukuwezesha kumsikia mpiga besi akibadilisha kidole, na mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti. Tofauti hiyo ni tamu, na anayeionea raha hana kosa. Ila tofauti hizo hupungua sana ukifika kwa amplifaya nzuri mbili, na kwa waya karibu zitoweke. Binafsi, mtu akiniambia waya wa dola elfu kadhaa umempa "hewa" zaidi katika muziki, nitamwomba afumbe macho kwanza.

Haya yote yanakuhusu nini wewe ambaye hujafika Munich wala Vienna? Yanakuhusu siku ile utakapopita Luthuli Avenue jijini Nairobi na mshahara mfukoni, huku karo ya muhula ikisubiri nyumbani. Muuzaji atakuwashia mtambo mmoja, kisha wa pili, na huo wa pili atauongeza sauti kidogo tu. Sikio lisipojua kwamba sauti imeongezwa, halisemi "hii ni kubwa". Husema "hii ni safi". Tena tangu 1933 Fletcher na Munson walionyesha kwamba sikio letu huisikia besi kwa shida sauti inapokuwa chini, kwa hivyo mtambo uliopandishwa huonekana kuwa na besi nono. Mwambie azilinganishe sauti kwanza, uchukue wimbo unaoujua kwa moyo, umgeuzie mgongo mtambo, na mtoto au mkeo akuchagulie ule unaochezwa bila kukuambia. Kama huwezi kusema upi ni upi, chukua wa bei nafuu.

Ukifika nyumbani, kumbuka kwamba chumba nacho ni sehemu ya mtambo. Katika sebule ya urefu wa mita 5, sauti nzito ya karibu hezi 34 huenda na kurudi baina ya kuta ikijijazia nguvu. Ukiketi ukutani itavuma hadi vikombe vitetemeke. Ukiketi katikati ya chumba itafifia. Spika iliyosukumwa pembeni mwa ukuta huongeza mvumo huo, na nyumba zetu za mawe zenye sakafu ya simiti hazimezi sauti. Zulia, makochi ya kitambaa na rafu ya vitabu vitafanya kazi ambayo waya wa maelfu ya dola hauwezi. Isogeze spika kutoka ukutani kwa hatua moja, sikiliza, kisha uisogeze tena.

Na ninyi wanafunzi mlio na visikizi masikioni tangu asubuhi, hili ni lenu. Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi cha usalama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa watoto desibeli 75. Kila desibeli 3 unazoongeza, saa hizo hukatwa nusu: kwa desibeli 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10, na kwa 89 zimebaki 5. Seli ndogo za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena, na hakuna duka la Munich wala la Luthuli linaloziuza.