NYUMBA NJEMA SI MLANGO

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii tumeitumia sana katika insha zetu, hasa tunapotaka kumwonya kijana anayevutiwa na sura akasahau tabia. Lakini hebu tuiache insha kidogo, tuichukue methali yenyewe kama ilivyo. Ni nyumba gani hiyo ambayo mlango wake unaweza kumhadaa mtu? Wengi wetu tuliotoka bara tumezoea milango ya mbao za kawaida au ya mabati, ambayo haimhadai yeyote. Nenda Lamu, ndipo utakapoelewa. Huko mlango peke yake unaweza kumsimamisha mpita njia akasahau alikokuwa akienda.

Picha ya mlango wa Lamu tumeiona katika kalenda, katika kadi za salamu na hata katika kuta za hoteli za Nairobi. Ubaya ni kwamba wengi wetu tumeishia hapo hapo mlangoni. Nia ya makala haya, mpenzi msomaji, ni kuufungua mlango huo tuingie ndani. Tukisha kuingia tutaona kwamba nyumba ya Kilamu haina kitu kilichowekwa kwa urembo mtupu. Kila kipimo na kila tundu lina sababu yake. Anayechukua urembo akaiacha sababu huwa amebeba ganda, yai amelisahau.

Haikuletwa na jahazi

Kwanza tuondoe dhana moja potovu. Kuna wanaodhani kwamba nyumba za mawe zililetwa na Waarabu zikiwa tayari, kama shehena inavyoshushwa bandarini. Hapana! Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa mambo ya kale, Mark Horton, alichimba magofu ya Shanga katika kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta alama za misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine. Ile ya chini kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Yaani watu wa mahali hapo walianza na miti, wakahamia kwenye mawe ya baharini, kisha mawe ya nchi kavu, hatua kwa hatua, karne baada ya karne. Wageni kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi walileta bidhaa, dini na mitindo ya nakshi, na fundi wa pwani akachagua alichokipenda. Lakini mkono uliojenga ulikuwa wa papa hapa.

Mawe, chokaa na boriti

Nyumba hii ina vitu vitatu vikuu: mawe, chokaa na boriti.

Mawe ni matumbawe, nayo yapo ya aina mbili. Ya kwanza huchimbwa nchi kavu. Ni magumu, yenye matundu matundu, na huchimbwa Maweni katika kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu. Hayo ndiyo yaliyojenga kuta nene. Ya pili hukatwa baharini. Yakiwa mabichi ni laini, fundi huyachonga kama anayechonga muhogo; yakikaa hewani hukauka yakawa magumu. Haya yalitumiwa kwa kazi ya nakshi, kama vile mihirabu ya misikiti.

Chokaa nayo ni matumbawe yayo hayo. Hupangwa juu ya rundo kubwa la kuni yakachomwa mpaka yakawa meupe, kisha humwagiwa maji na kuachwa yalainike kwa muda mrefu. Fundi mwenye pupa hapati chokaa nzuri.

Boriti ni miti ya mikoko. Wakataji huigawa miti hiyo kwa unene na kuipa majina: fito ndizo nyembamba, halafu pau, mazio, boriti na nguzo. Sasa sikilizeni vizuri, maana siri ya nyumba nzima iko hapa. Boriti hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta ili zibebe dari, na juu yake hupangwa mawe na kumiminwa chokaa. Mzigo huo si mchezo. Boriti iliyonyooka na yenye nguvu ya kuubeba haipiti sana mita 3. Basi chumba nacho hakiwezi kuwa na upana wa kupita hapo. Kinaweza kuwa kirefu apendavyo mwenyewe, lakini upana umekwisha kuamuliwa na mkoko! Ndiyo sababu mgeni akiingia huona vyumba vyembamba na virefu. Si uchoyo wa nafasi. Ni hesabu ya boriti.

Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti hizo kutoka Lamu hadi Uarabuni na nchi za Ghuba. Huko nako nyumba nyingi za kale zina vyumba vyembamba kwa sababu iyo hiyo. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uuzaji wa boriti nje ya nchi ili kuinusuru mikoko.

Hodi hodi!

Haya, sasa tubishe hodi. Tuko katika kichochoro cha Mkomani, mtaa wa mawe wa Lamu. Njia ni nyembamba, punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hana budi kumpisha mwenzake. Wembamba huo nao una kazi: kuta ndefu za pande zote mbili hutia kivuli, na njia hubaki na ubaridi hata adhuhuri. Kuta zenyewe kwa nje hazina mapambo. Madirisha ya chini ni haba, tena madogo.

Tunafika kwenye daka, yaani kibaraza chenye paa kilicho mbele ya mlango. Kulia na kushoto kuna baraza za kukalia. Hapa ndipo baba mwenye nyumba alipozungumza na watu, akanunua samaki na kusikia habari za mji, wala hakuna mgeni aliyelazimika kuingia ndani. Mlango una mbao mbili, na katikati yake husimama mfaa. Nakshi nyingi ziko kwenye miimo na kwenye kizingiti cha juu. Wanachama wa chama chetu wanaopenda ushairi wajue hili: Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945 na ambaye mkono wake ulinakili tenzi nyingi tunazozisoma leo, alikuwa pia mchonga milango. Mkono uliozoea hati nzuri za kalamu ndio ulioshika patasi.

Ukishavuka kizingiti huoni nyumba. Unaona ukuta! Hiki ni chumba kidogo kiitwacho tekani, na njia yake hupinda. Apitaye nje hata mlango ukiwa wazi hawezi kuwaona wa ndani. Ukishapinda ndipo unapotokea kwenye kiwanda. Msicheke, hakuna moshi wala king'ora hapa. Kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, kiwanda ni ua ulio wazi katikati ya nyumba. Kwa vile kuta za nje hazina madirisha makubwa, mwanga na hewa vyote hushukia hapa. Kiwanda ni dirisha la nyumba nzima, ila limetazama mbinguni.

Kutoka kiwandani tunaingia msana wa tini, kisha msana wa yuu. Tini ni chini na yuu ni juu, maana sakafu hupanda kidogo kila unapoingia. Mwisho wa kila msana palifungwa pazia na kuwekwa kitanda. Nyuma ya misana ndipo paitwapo ndani, chumba cha wenye nyumba. Angalia mpango huo: kadiri unavyoingia, sakafu hupanda, mwanga hupungua na siri huongezeka. Mtu wa kawaida huishia barazani. Jamaa hufika msanani. Ndani hafiki kila mtu.

Zidaka na birika

Ukuta wa ndani ndio fahari ya nyumba. Umejaa zidaka safu kwa safu, yaani vishubaka vilivyopambwa kwa chokaa iliyochongwa. Katika Kiswahili sanifu tungesema vidaka, lakini Kiamu husema zi- mahali petu pa vi-. Humo ziliwekwa sahani na bakuli za kaure kutoka Uchina, vitabu, na vitu vya thamani. Chumba hiki hakina dirisha la nje, hivyo chokaa yake nyeupe hudaka mwanga mdogo unaotoka kiwandani na kuusambaza. Kumbe urembo ule ni taa! Na katika utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotaka kueleza jinsi fahari ya Pate ilivyoanguka, alitaja madaka hayo ya sahani yaliyokuwa yamegeuka viota vya ndege. Msomaji asiyejua kidaka ni nini hawezi kuuhisi uchungu wa mshairi.

Chooni kuna birika la maji lililojengwa kwa chokaa. Humo waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Hiyo ni akili, si urembo.

Orofa ya juu nayo ilikuwa na sababu ya kifamilia. Kwa waungwana wa Lamu, binti akiolewa alipewa nyumba na wazazi wake, na mume ndiye aliyehamia kwake. Binti wa pili akikua, baba aliongeza orofa au akajenga jirani. Nyumba mbili za jamaa zikitazamana, huunganishwa juu kwa juu na wikio, chumba kinachovuka kichochoro kama daraja. Akina mama walitembeleana bila kukanyaga njia.

Upande wa pili wa ukuta

Tusisifu tu tukasahau ukweli. Nyumba za mawe zilikuwa za waungwana. Watu wengi wa Lamu waliishi katika nyumba za udongo zilizoezekwa makuti. Aghalabu waliobeba mawe, waliochoma chokaa na waliotwanga na kupika kwenye nyumba hizo za fahari walikuwa watumwa. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Tukiitazama kuta ile nyeupe, tukumbuke na mikono hiyo. Ujuzi uliomo ukutani ni wao pia, ingawa jina lililobaki ni la mwenye nyumba.

Ganda bila yai

Mwaka 2001 mji mkongwe wa Lamu ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ni heshima kubwa. Lakini orodha haizuii ukuta kupasuka.

Adui mmoja ni mfuko wa saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, na chokaa huuacha unyevu huo utoke polepole. Ndiyo maana mafundi husema chokaa hupumua. Ukipiga lipu ya saruji juu ya ukuta huo, unyevu hufungiwa ndani. Baada ya muda lipu hupasuka na kubanduka, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza. Mwenye nyumba huona ukuta mpya unang'aa, kumbe ugonjwa uko ndani. Nyumba njema si lipu!

Hata hivyo tusiwalaumu ovyo wenye nyumba. Saruji hununuliwa dukani leo na kutumika leo. Chokaa yataka subira, na fundi wa chokaa na wa zidaka si rahisi kumpata. Makuti huwaka moto upesi, mabati hayawaki. Mtu mwenye watoto wa kulipia karo huchagua kinachowezekana. Wengine huona heri wauze. Hapo nyumba husimama, lakini binti aliyejengewa orofa hayumo tena.

Huku kwetu nako tunaona majumba mapya yakibandikwa vidaka vya saruji visivyobeba kitu, na milango yenye nakshi inayofunguka moja kwa moja sebuleni, bila daka wala tekani. Madirisha yake ya vioo hupokea jua mchana kutwa, na feni huzunguka mpaka usiku. Tumechukua mlango, tumeacha nyumba.

Tufanyeje basi?

Kwanza, anayepata nafasi ya kufika Lamu aitembelee ile nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 inayotunzwa na Makumbusho ya Kitaifa. Asiishie kupiga picha. Ahesabu boriti na apime upana wa chumba kwa hatua zake. Pili, sisi wapenzi wa Kiswahili tuna wajibu wetu. Daka, tekani, kiwanda, msana, wikio: haya ni maneno yanayoishi kwa kuwa kuna kitu yanachokitaja. Kitu kikibomoka, neno nalo huachwa bila makao.

Tena jambo hili si la watu wa pwani peke yao. Thingira ya Wagikuyu ina mpango wake, na simba ya kijana wa Kijaluo ina mahali pake maalum katika boma. Likizo hii kila mwanachama amwulize babu au bibi yake: mlango wa nyumba yenu ya zamani ulielekea wapi, na kwa nini? Aandike majibu na majina ya sehemu zote, ayalete chamani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tukingoja mpaka ukuta wenyewe uanguke, tutamwuliza nani jinsi ulivyojengwa?