Cheki: Mfalme Ndani ya Hundi

Mchezaji wa sataranji katika Uajemi ya kale hakumvizia mwenzake kimyakimya. Aliposogeza kete mahali ambapo ilimtishia mfalme wa upande wa pili, alimtahadharisha kwa neno moja: "Shah!" Yaani, mfalme! Mwangalie mfalme wako. Neno hilo la onyo ndilo asili ya check ya Waingereza, na kwa hiyo ndilo asili ya cheki zetu, ya benki na ya hospitali.

Mchezo wenyewe ulianzia India. Kwa Kisanskriti uliitwa chaturanga, kwa kuwa kete zake ziliiga vikosi vinne vya jeshi: tembo, magari ya vita, wapanda farasi na askari wa miguu. Waajemi wakauita chatrang. Waarabu walipoiteka Uajemi katika karne ya 7 waliuchukua na kuutamka shatranj, na huku pwani tukapata sataranji. Ulipofika Ulaya, Wafaransa wa zamani waliligeuza shah kuwa eschec, na Waingereza wakalikata kichwa likabaki check. Chess, jina la mchezo kwa Kiingereza, ni wingi wa neno hilohilo. Mwingereza anayecheza chess, kwa asili ya neno, anacheza "wafalme".

Kuhusu shah mat, tamko la kumaliza mchezo, kuna ubishi. Aliyezoea Kiarabu husikia "mfalme amekufa", na Mswahili naye hujiunga upesi kwa sababu mzizi huo ndio uliotupa mauti na maiti. Maelezo hayo yanavutia, lakini mimi nawaunga mkono wanaosema kwamba mat ni ya Kiajemi, yenye maana ya kuduwaa au kukosa la kufanya. Kanuni za mchezo zinawatetea. Mfalme wa sataranji haliwi kamwe. Mchezo huisha angali amesimama, ila hana pa kwenda.

Kutoka hapo maana zilianza kuzaana. Mfalme aliyetishiwa hulazimika kuacha mipango mingine yote, basi check ikawa kizuizi cha ghafla, chochote kile: cha jeshi, cha farasi, cha hasira. Kutoka kuzuia ikawa kukagua, na hatua hiyo si ndefu kwa yeyote aliyewahi kusimamishwa na polisi wa barabarani kabla hajaombwa leseni.

Tawi linalonivutia zaidi ni la fedha. Katika karne ya 12, wafalme wa Uingereza walikuwa na meza maalumu ya mahesabu. Richard FitzNeal, mtunza hazina wa wakati huo, ameieleza katika kitabu chake Dialogus de Scaccario: urefu wa futi 10 na upana wa futi 5 hivi, yenye ukingo wa vidole vinne ili kitu kisidondoke. Juu yake kilitandikwa kitambaa cheusi chenye mistari, na nafasi kati ya mstari na mstari ilikuwa futi moja au shubiri. Safu moja ilikuwa ya peni, iliyofuata ya shilingi, nyingine ya paundi, kisha makumi mawili ya paundi, mamia, maelfu. Kwa tarakimu za Kirumi kujumlisha kwenye karatasi ni adhabu, kwa hiyo walisogeza vihesabio juu ya kitambaa, na hata asiyejua kusoma aliona kwa macho yake deni linavyopungua.

Meza hiyo iliitwa kwa jina la ubao wa sataranji. FitzNeal anasema haikuwa kwa ajili ya mistari tu: mtunza hazina na ofisa aliyeleta kodi ya wilaya yake walikabiliana hapo kama wachezaji wawili, na watu wakiwatazama. Jina hilo la meza ndilo Exchequer, na mpaka leo waziri wa fedha wa Uingereza anabeba cheo chenye ubao wa sataranji ndani yake.

Risiti za hazina hiyo zilikuwa vijiti vilivyokatwa alama na kupasuliwa kwa urefu, kila upande ukabaki na kipande chake. Palipozuka shaka, vipande viliunganishwa. Mwaka 1834 serikali iliamua kuvichoma vijiti vilivyobaki, na moto wake ukateketeza jengo la Bunge.

Benki za Uingereza za karne ya 18 zilifuata wazo hilohilo kwa karatasi. Check mwanzoni ilikuwa kile kipande kinachobaki kwenye kitabu, cha kulinganishia ili kumnasa mghushi. Baadaye jina likahamia kwenye karatasi inayochukuliwa. Waingereza wakaliandika cheque, kwa kuiga Exchequer, huku Wamarekani wakibaki na check, ambayo kwao pia ni bili ya mgahawani. Wapo wanaodai kwamba neno hili limetoka kwenye sakk, hati ya malipo ya wafanyabiashara wa Kiarabu. Hati hiyo ilikuwepo kweli, na huenda ilichangia kueneza desturi yenyewe, lakini kwa upande wa jina njia ya kile kipande cha kulinganishia inaonekana wazi zaidi.

Pwani yetu haikuisubiri cheki. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wametuletea hundi, hati ya kuagiza fedha ilipwe mahali pengine, na neno lao lingali kwenye maandishi rasmi ingawa midomoni cheki imeenea. Shati lenye miraba, ambalo Mwingereza hulipa jina kutokana na ubao wa sataranji, wengi wetu tunaliita la drafti, kutokana na mchezo wa vijiweni. Na kijana wa Dar es Salaam anayeandika "nicheki jioni" haombi kukaguliwa. Anataka apigiwe simu, na ikiwezekana mpigaji awe na salio la kutosha.