Prado ya Zamani: Ipime kwa Joto na Vumbi, Si kwa Rangi

Mauzo ya alizeti yakishaingiza fedha mfukoni, habari ya usafiri huzuka upya Sepuka na vijiji vingine vya Wilaya ya Ikungi. Pikipiki haitoshi familia, gari dogo linakwangua tumbo kwenye makorongo, na gari jipya la juu halishikiki bei. Kinachobaki ni gari kubwa la zamani: Prado ya mwaka 1998, Hilux Surf, RAV4, Nissan X-Trail au Land Cruiser "mkonga". Swali la kwanza la mnunuzi huwa lile lile: ipi ni imara?

Kwa gari lenye miaka 25, swali hilo halina jibu la moja kwa moja. Kiwanda kilishamaliza kazi yake zamani. Uimara uliobaki ni kazi ya waliolimiliki. Prado mbili zilizotoka kiwandani wiki moja zinaweza kufika Singida moja ikiwa nzima na nyingine ikiwa mzoga uliopakwa rangi. Kazi ya mnunuzi ni kusoma namna gari lilivyotunzwa, na mambo mawili humwambia mengi kuliko maneno ya dalali: joto na vumbi.

Namba inasema nini

Anza na utambulisho wa gari. Muuzaji atajisifu kwamba gari ni "namba D" au "namba E". Herufi hizo zinaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, si lini lilitengenezwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikufunga mlango. Inatoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu. Kwa hiyo gari la mwaka 2001 linaweza kuwa na namba ya juzi. Vivyo hivyo magari ya Serikali yenye namba za STK au STL, na ya miradi ya wafadhili yenye DFP: yakishauzwa kwa mnada hupewa namba za kiraia, na umri wake hujificha humo.

Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, kisha ulinganishe na lebo iliyoshonwa chini ya mkanda wa kiti, ambayo mara nyingi ina tarehe. Halafu soma namba ya chasisi. Kwa Toyota za zamani, herufi za mwanzo hutaja injini. KZJ95 ni Prado yenye injini ya 1KZ-TE, dizeli ya lita 3 yenye taboo (turbo). RZJ95 ni Prado ya petroli ya lita 2.7, na VZJ95 ni ya V6 ya lita 3.4. Hilux Surf ya dizeli hiyo hiyo ni KZN185. HZJ ni Land Cruiser yenye 1HZ, dizeli ya lita 4.2 na silinda 6, isiyo na taboo. Ikiwa chasisi inasema KZJ na chini ya boneti kuna injini nyingine, uliza ilibadilishwa lini, na kama mabadiliko hayo yameandikwa kwenye kadi.

Kilomita za dashibodi zipigie hesabu. Gari la miaka 25 linaloonyesha kilomita 98,000 lingekuwa limetembea kilomita 11 tu kwa siku, maisha yake yote. Lipo la namna hiyo, lakini si kawaida. Tazama usukani uliong'aa kwa kushikwa, raba za pedali zilizolika na kiti cha dereva kilichobonyea. Hivyo havirudishwi nyuma kwa urahisi kama namba za dashibodi.

Injini baridi husema kweli

Fika asubuhi, na kabla ya kusalimiana sana weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, injini imeshapashwa, na dalili nyingi za ugonjwa huonekana ikiwa baridi tu. Mwambie muuzaji utarudi kesho.

Injini ikiwa baridi, na wakati huo tu, fungua mfuniko wa rejeta. Kulanti safi yenye rangi yake ni ishara ya mwenye gari aliyejali. Maji yenye kutu yanaeleza kwamba kwa miaka mingi rejeta ilijazwa maji ya kisima, na chumvi yake imeacha magamba kwenye mirija. Fungua na mfuniko wa oili: ute mweupe unaofanana na maziwa maana yake maji na oili vimekutana.

Sasa washa. Dizeli ya zamani kutoa moshi mweupe kwa muda mfupi asubuhi si ajabu. Mweupe usiokoma, huku maji yakipungua, ni maji yanayoungua. Wa bluu ni oili inayoliwa. Mweusi ni dizeli inayozidi au hewa inayopungua, na chanzo huwa nozeli, pampu au chujio la hewa lililoziba. Injini ikiwa inanguruma, legeza mfuniko wa oili uushike kwa mkono. Hewa ikiusukuma kwa nguvu, ringi za pistoni zimechoka.

Joto ndilo hakimu

Injini ya 1KZ-TE ina nguvu na wengi wanaipenda, lakini udhaifu wake unajulikana gereji zote: silinda hedi yake ni ya aluminiamu, na ikichemka hupata nyufa. Gari linaweza kuendelea kutembea likiwa na ufa, na hapo ndipo linapouzwa. Jaribio lake ni rahisi. Washa injini baridi, subiri dakika mbili tatu, kisha bana kwa mkono mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu kabla maji hayajapata moto, huenda gesi ya mlipuko inaingia kwenye maji. Mapovu yanayopanda mfululizo kwenye rejeta yanasema hivyo hivyo.

Angalia pia kama temostati ipo. Ni mazoea ya baadhi ya mafundi kuitoa gari linapochemsha, badala ya kutibu chanzo. Mshale wa joto unaokaa chini hata baada ya mwendo mrefu unatia shaka hiyo. Wala usiridhike kwa kuwa mshale umetulia katikati: kwenye Toyota nyingi mshale umetengenezwa kutulia hapo, na ukianza kupanda juu injini imeshateseka. Jaribu gari likiwa na watu na mlimani. Kwa watu wa Singida, Mlima Sekenke, kati ya Misigiri na Shelui, ni kipimo kizuri kuliko mzunguko wa stendi.

Uliza pia taimingi belti ilibadilishwa lini. 1KZ-TE, 1HZ na V6 ya lita 3.4 zina belti, na kwa dizeli nyingi za soko la Japani taa ya kukumbusha huwaka kwenye kilomita 100,000. Ile ya petroli ya lita 2.7 inatumia cheni. Kama muuzaji hana jibu wala risiti, chukulia haijabadilishwa, na gharama hiyo itoe kwenye bei.

Vumbi na yaliyo chini

Barabara za changarawe huua injini polepole kupitia chujio la hewa. Litoe, kisha pitisha kidole ndani ya bomba linalokwenda kwenye injini, yaani upande wa baada ya chujio. Kidole kikitoka na vumbi, mchanga umekuwa ukisaga silinda na mapanga ya taboo, na rangi nzuri ya bodi haitaliondoa tatizo hilo.

Kisha lala chini ya gari. Singida ni kavu, kwa hiyo kutu nzito mara nyingi imetoka kwingine: pwani, au sehemu za Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Gonga chasisi kwa nyundo ndogo, hasa nyuma kwenye tairi la akiba. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini iondoe kwa bisibisi uone inaficha nini.

Kata usukani mpaka mwisho na utembee taratibu. Mlio wa tak-tak mbele ni jointi zilizokwisha. Kwenye gari la otomatiki, ingiza rivasi na uhesabu. Gari likichelewa kushika zaidi ya sekunde mbili, au oili ya gia boksi ikiwa ya kahawia yenye harufu ya kuungua, achana nalo. Jaribu pia gia nzito za fowili, tena kwenye udongo na si kwenye lami. Gari la porini lisiloingia fowili ni gari la kawaida linalokunywa mafuta mengi.

Hesabu ya Sepuka

Mtu wa Dar es Salaam akiharibikiwa, spea iko Kariakoo. Ukiwa Sepuka, spea hiyo hiyo inaongezewa nauli, siku za kusubiri na fundi wa kumfuata Singida mjini. Ndiyo maana injini inayofahamika na fundi wako ina thamani kuliko yenye sifa magazetini. RAV4 na X-Trail ni nafuu kununua na hutumia mafuta kidogo, lakini si za kubeba magunia kwenye mbuga wakati wa masika. Mkonga wa 1HZ ni mzito na hauna mbio, ila mitambo yake haitegemei kompyuta na mafundi wengi wanaielewa.

Kabla ya kulipa, hakikisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma inafanana na ya kadi halisi, si kivuli chake. Angalia kama kuna faini za barabarani zinazodaiwa, andikeni mkataba mbele ya wakili, na uhamishe umiliki TRA bila kuchelewa.

Usitumie fedha yote kununua. Tenga sehemu ya bei kwa ajili ya belti, oili zote, kulanti, mipira ya rejeta na tairi, uvibadilishe mara tu gari likiwa lako. Na unapokwenda kukagua, mchukue fundi asiyelijua gari hilo wala dalali wake, umlipe ujira wake hata akisema lisinunuliwe. Muuzaji akikataa gari lisikaguliwe likiwa baridi, au akikuharakisha kwamba kuna mteja mwingine njiani, mwachie mteja huyo alichukue.