AIGUES-MORTES: MUJI WA CHUMVI, MUNARA WA IMANI



Katika somo la historia tunasoma juu ya mufalme Louis wa 9 wa Ufaransa. Lakini wachache kati yetu wanajua muji aliojenga, na mambo yaliyopita pale yenye kutuhusu sisi Waprotestanti. Ndiyo sababu tunaandika.

Muji ule ni Aigues-Mortes, maana yake "maji mafu". Uko kusini ya Ufaransa, karibu na bahari ya Mediterania, katikati ya matope na maziwa ya chumvi. Louis alitaka bandari yake mwenyewe. Alijenga munara wa mawe unaoitwa Constance, kuta zake metre 6 unene. Mwaka 1248, na tena 1270, aliondoka pale na merikebu kwenda vita vya Musalaba. Mwana wake na mujukuu wake ndio waliozungusha muji na ukuta wa metre zaidi ya 1.600.

Kiisha munara ukageuka buloko. Namna gani? Mwaka 1598 mufalme Henri wa 4 aliwapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu. Mwaka 1685 Louis wa 14 aliiondoa. Makanisa yalibomolewa, watu wakasali kwa siri porini, nao wakapaita "Jangwa". Wanaume waliokamatwa walipelekwa kupiga makasia katika merikebu za mufalme. Wanawake wengi walifungwa katika munara ule.

Marie Durand aliingia mwaka 1730. Alikuwa na miaka 19, kupita sisi wa mwaka wa sita kidogo tu. Kosa lake? Kaka yake Pierre alikuwa muchungaji. Pierre alinyongwa Montpellier mwaka 1732. Marie alibaki ndani miaka 38. Na kutoka hakukuwa nguvu: ilitosha kusema "ninakana imani yangu". Wengine walisema, tusiwahukumu. Yeye hapana. Aliandika barua nyingi kuombea wafungwa wenzake musaada. Alifunguliwa mwaka 1768, akafa 1776. Ni mwaka 1787 tu Waprotestanti walipata haki ya kuandikisha ndoa na watoto wao.

Leo wageni wanapanda juu ya ukuta na kuzunguka muji muzima kwa miguu. Kutoka juu ya munara wanaona maji ya chumvi yenye rangi ya waridi na vilima vyeupe vya chumvi. Lakini ndani, juu ya jiwe, wanasoma neno moja lililochorwa: REGISTER. Ni "résister" kwa kusema kwa kwao, ni kusema kusimama bila kukubali. Watu wanasema ni mukono wa Marie.

Wapenzi, sisi hatufungwi munarani. Lakini mwenzako akikuomba umupe majibu wakati wa mutihani, ao akikucheka sababu unasali, na wewe unatafutiwa neno moja tu la kukubali. Tukumbuke lile jiwe.