Je, Wajua Kwa Nini Simu za Ofisini Hujizima Usiku?

Ofisi yenye nambari moja kubwa ya simu na nambari fupi za ndani kwa kila meza ina mtambo mahali fulani unaozigawa simu hizo. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya opereta na swichibodi yake. Siku hizi mara nyingi ni kompyuta iliyofungiwa katika chumba cha seva, na wanaoitumia kutwa nzima huenda hawajawahi kuiona. Mitambo mingi ya aina hii imepangiwa ratiba ya kujizima na kujiwasha upya, kwa kawaida kati ya usiku wa manane na alfajiri, jengo likiwa halina mtu ila mlinzi. Si kwamba imeharibika, imeamriwa.

Programu haina chuma cha kushika kutu, ila huzeeka. Mwaka 1995 watafiti wa kampuni ya AT&T ya Marekani, Yennun Huang na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu uzee huo, wakapendekeza dawa ambayo kila fundi alikuwa akiitumia kimyakimya: simamisha programu kwa hiari yako, mapema, kabla haijasimama yenyewe kwa wakati usioutaka.

Uzee wenyewe huja hivi. Kila simu inayoingia huazima sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta, na ikikatwa inatakiwa kurudisha ilichoazima. Mtunga programu akisahau hatua hiyo hata mahali pamoja, deni linaanza kulimbikizwa. Ni kama mgahawa ambao wateja hula na kuondoka lakini hakuna anayekusanya sahani: kufika jioni meza zote zimejaa, na hakuna anayekula. Halafu kuna simu mzuka. Mteja wa upande wa pili amepotelewa na mtandao ghafla, ujumbe wa kuaga haukufika, na mtambo bado unaamini mazungumzo yanaendelea. Laini hiyo imeshikwa na mtu ambaye hayupo. Kampuni iliyolipia laini kumi hujikuta inatumia saba, na wateja wanalalamika kwamba nambari iko bize mchana kutwa.

Uzee wa tatu ndio wa hatari zaidi, kwa sababu hauonyeshi dalili yoyote mpaka siku yake ifike. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa milisekunde, na kihesabio chenye nafasi 32 za tarakimu za mbili hukomea 4,294,967,296. Gawanya upate siku: 49 na saa 17 hivi.

Tarehe 14 Septemba 2004, hesabu hiyo ilitimia katika kituo kinachoongoza ndege za eneo la Los Angeles, kilichoko Palmdale, California. Mfumo wa sauti wa kituo hicho ulikuwa, kwa kweli, swichibodi kubwa sana: uliwaunganisha waongozaji na marubani kwa redio, na vituo vingine kwa simu. Kompyuta yake ya udhibiti ilitumia Windows na kihesabio cha milisekunde. Tatizo lilishajulikana, na kanuni ilikuwepo: fundi auzime na kuuwasha upya kila baada ya siku 30. Mara hiyo haikufanyika. Kihesabio kikafika mwisho, mfumo ukazimika, na ule wa akiba nao ukaanguka muda mfupi baadaye. Ndege zipatazo 400 zilikuwa angani bila sauti ya kuziongoza. Waongozaji waliziona kwenye rada zikisogeleana, wakaishia kutoa simu zao za mkononi mifukoni ili kuwaomba wenzao wa vituo vingine wawaonye marubani. Ilichukua kama saa tatu mambo kurudi sawa. Katika visa visivyopungua vitano ndege zilikaribiana kuliko sheria inavyoruhusu. Hakuna zilizogongana.

Wengi husimulia kisa hiki kumlaumu fundi. Mimi namlaumu aliyeamua kwamba kazi ambayo saa ya kompyuta ingeweza kuifanya ikabidhiwe kumbukumbu ya binadamu. Mstari mmoja tu wa ratiba ungetosha.

Hata hivyo, kujizima kwenyewe nako kuna hila zake pale mitambo inapokuwa mingi na kuzungumza yenyewe kwa yenyewe. Tarehe 15 Januari 1990, mtambo mmoja wa simu za masafa marefu wa AT&T jijini New York ulijizima na kuinuka tena ndani ya sekunde chache, kama ulivyotengenezwa kufanya. Ulipoinuka, ujumbe wake kwa majirani uliwafikia kwa mfululizo wa haraka mno. Programu mpya iliyokuwa imewekwa mwezi mmoja kabla ilikuwa na kosa la amri moja iliyokaa mahali pasipo pake, na jirani aliyepokea ujumbe wa pili akiwa hajamaliza wa kwanza alichanganyikiwa, naye akajizima. Akainuka, akawachanganya wengine. Mitambo yote 114 ya mtandao huo iliambukizana hivyo kwa takriban saa tisa, na mamilioni ya simu hayakupita.

Ofisi ya watu thelathini haitafika huko, lakini mtambo ukiamka, simu za mezani huenda zikalazimika kujiandikisha upya, na mpaka ziandikishwe nambari za ndani hazipatikani. Ndiyo maana namna ya kuzima ina maana. Asterisk, programu ya bure ya mitambo ya simu iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999 huko Alabama, inatoa njia tatu. Ya kwanza hukata kila mtu hapo hapo. Ya pili hukataa simu mpya na kuwasubiri wanaoongea wamalize. Ya tatu huendelea kupokea na kungoja dakika ambayo hakuna anayeongea kabisa; katika hospitali au kampuni ya ulinzi, dakika hiyo inaweza isije.

Kuna pia suala la saa. Mtambo uliowekwa Nairobi au Dar es Salaam ukaachwa kwenye saa ya Greenwich, ukaambiwa ujizime saa tisa usiku, utajizima saa kumi na mbili asubuhi yetu. Ukiachwa kwenye saa ya California wakati wa majira yao ya baridi, utajizima saa nane mchana, wateja wakiwa kwenye foleni. Na umeme ukikatika, kazi hiyo hufanyika bila ratiba yoyote, ila kwa ukatili: mtambo uliokuwa ukiandika kwenye diski huachwa katikati ya sentensi.

Kwa maoni yangu, mara moja kwa wiki ni usafi. Mtambo unaohitaji kuzimwa kila usiku ni mgonjwa, na anayeuzima kila usiku bila kusoma kumbukumbu za makosa yake anauficha ugonjwa.

Maana simu zimewahi kutengenezwa kwa viwango vingine kabisa. Mtambo wa 1ESS wa kampuni ya Bell, uliowashwa Succasunna, New Jersey, mwaka 1965, ulisanifiwa kwa lengo la kutokuwa nje ya kazi zaidi ya saa mbili katika miaka 40. Ulikuwa na vichwa viwili vikifanya kazi ileile na kukaguana. Miaka ya 1980, Joe Armstrong na wenzake katika kampuni ya Ericsson ya Sweden walichukua njia nyingine, wakaunda lugha ya programu iitwayo Erlang ambamo kila simu inaweza kupewa kijiprogramu chake. Kimoja kikiharibika, huachwa kife na kipya huwashwa mahali pake, mchana kweupe. Anayekatikiwa ni mpigaji mmoja, naye hupiga tena. Wa meza ya jirani hata hawajui kwamba kuna kilichozimwa.